Wazazi wana presha na sukari, mimi nile nini ninywe nini?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa miaka 39, nalifupisha. Baba yake ana presha, mama yake ana kisukari, yeye ana kilo 88 na kazi yake ni ya kukaa. Mwezi uliopita akapima, presha ikasoma 134/86, sukari ya asubuhi kabla hajala 6.2. Akaambiwa "punguza punguza", basi, akarudi nyumbani. Zamani alikuwa anakunywa soda mbili kwa siku na chai vikombe vinne, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Sasa ameacha soda amehamia juisi ya boksi, ameacha sukari amehamia asali, ananunua mkate wa brauni, na kila asubuhi anakunywa maji ya moto yenye limau kwa sababu ya video aliyoiona. Anasema: "Mtaalamu, niko kwenye mstari au najidanganya? Nile nini ninywe nini kila siku ili nikifika 60 nisiwe kama wazee wangu? Ila naomba kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza, maana kupima chakula kwenye mzani mi sitaweza."

Kaka yangu, kwanza pole halafu hongera. Pole kwa kuambiwa "punguza" bila kuambiwa upunguze nini na kwa kiasi gani, neno hilo nalijua vizuri, hata mimi nilikuwa nalitumia sana siku nikiwa nimechoka. Na hongera kwa kupima ukiwa huumwi popote, wengi wanapima siku wameshaanguka.

Tuanze na namba zako maana ndo zinaamua tushike wapi. Sukari ya asubuhi ukiwa hujala, chini ya 5.6 hakuna maneno, kuanzia 7.0 na ukarudia kipimo ikatoka vilevile hicho ni kisukari, we una 6.2, yaani uko kibarazani, ndani hujaingia ila uani nako umeshatoka. Presha ya 134/86, sehemu nyingi bado wanahesabu ugonjwa kuanzia 140/90, Marekani toka 2017 wakashusha mstari mpaka 130/80, kwa hiyo kwao ungekuwa umeshaandikwa jina. Mi sitaki tubishane na mistari. Mishipa yako haijui mstari uko wapi, inachojua ni kwamba inasukumwa kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, leo, kesho, na miaka yote hiyo mpaka ufike 60.

Na hapo kibarazani sio mahali pa kukata tamaa. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani, majibu yalitoka 2002, watu 3,234 ambao sukari zao zilikuwa zimeanza kupanda kama ya kwako. Kundi moja wakapewa metformin, dawa ya kisukari, kundi jingine vidonge visivyo na dawa ndani, la tatu wakasaidiwa kubadilisha ulaji, kutembea dakika 150 kwa wiki, na wakawekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito. Baada ya kama miaka mitatu, metformin ilikuwa imepunguza wanaoingia kwenye kisukari kwa asilimia 31, ulaji na kutembea asilimia 58. Kwako wewe asilimia 7 ni kilo 6 na ushee tu. Na wengi wao hata hiyo 7 hawakuweza kuishikilia mpaka mwisho, na bado kundi zima lilifaidika hivyo.

Sasa swali lako lenyewe. Umeuliza ule nini, na wenzako wote wanauliza hivyohivyo, wanataka jina la chakula, kama vile kuna mbegu au jani fulani ukilipata mambo yote yanajinyoosha. Mimi mtu akinijia namgeuzia swali: kitu gani kinapita mdomoni kwako kila siku bila kukosa, hata ukiwa na mafua, hata sikukuu, hata siku umegombana na bosi? Hicho ndo kinachokujenga au kukubomoa. Keki uliyokula kwenye harusi ya mtu mwaka jana mi sina shida nayo kabisa, iache ipumzike. Shida yangu ni kile kijiko unachokizungusha kwenye kikombe bila hata kukiangalia.

Tupige hesabu ya zamani yako. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, mbili ni 70. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, vijiko vitatu mara vikombe vinne ni gramu 48. Jumla 118 kwa siku, zidisha kwa siku 365 unapata kilo 43. Kilo arobaini na tatu za sukari kaka, karibu nusu yako wewe mwenyewe, na hapo hatujagusa biskuti wala sosi. WHO, Shirika la Afya Duniani, toka 2015 wanasema sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ukiweza kushuka mpaka 25 ni bora zaidi. We ulikuwa unapita mara mbili na zaidi ya kile kiwango cha juu kabisa, kwa vinywaji peke yake, bila kutafuna kitu.

Ndo maana naanza na kikombe, sahani itasubiri. Kalori za kunywa mwili hauzihesabu vizuri, ukila chakula chenye kalori 300 utapunguza kidogo mlo unaofuata bila kujua, ukinywa kalori hizohizo unakaa mezani unakula kama kawaida yako. Na ini linapokea mzigo wote kwa mpigo, hakuna kutafuna, hakuna nyuzinyuzi za kuchelewesha.

Sasa hapo kwenye juisi na asali ntakuudhi kidogo. Umehama chumba, nyumba ni ileile. Juisi ya boksi, hata ile iliyoandikwa haijaongezwa sukari, glasi ya mililita 330 inabeba gramu kama 25 mpaka 35 kutegemea na tunda. Tunda likiwa zima sukari yake imefungwa ndani ya nyama ya tunda, unatafuna, inashuka polepole, ukimaliza chungwa la pili umeshachoka. Glasi ya juisi inameza machungwa matatu manne kwa dakika moja, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. WHO wenyewe wanaiweka sukari ya juisi na ya asali kwenye fungu moja na sukari ya mezani. Asali, ndugu yangu, asilimia kama 80 ni sukari, na kijiko chake ni kizito kuliko kijiko cha sukari, kwa hiyo ukiweka vijiko vitatu vya asali inawezekana kabisa umeongeza badala ya kupunguza. Mi sina ugomvi na asali, ni tamu na ina heshima yake, ila kwenye damu yako haiingii na kitambulisho tofauti.

Unachofanya ni hiki, na usifanye kwa hasira. Juisi iondoke, irudi tunda zima, unaweza kula matunda mawili matatu kwa siku na hiyo 6.2 yako bila wasiwasi. Chai usiikate sukari siku moja, watu wanajaribu hivyo wiki ya kwanza wanakunywa chai kama wanakunywa adhabu, wiki ya pili wanarudi na vijiko vinne. Vitatu vishuke viwili na nusu, kaa hapo wiki mbili, shuka viwili, kaa, shuka kimoja na nusu. Ulimi unajifunza. Mimi nilikuwa mtu wa vijiko viwili miaka mingi, sasa hivi nikipewa chai yenye kijiko kimoja naisikia nzito kama sharubati. Na vikombe vinne vikiwa vitatu pia hakuna atakayekushtaki.

Soda za zero je, maana najua swali linakuja. WHO mwaka 2023 walitoa mwongozo kwamba utamu huu usio wa sukari usitegemewe kama njia ya kupunguza uzito, kwa sababu ukifuatilia watu kwa muda mrefu faida haionekani. Maoni yangu ni kwamba kama umezoea soda mbili kwa siku na ya zero inakusaidia kuvuka miezi miwili mitatu, vuka nayo, ni daraja, ila usijenge nyumba juu ya daraja maana ulimi bado unaulea kwenye utamu uleule.

Maji. Hiyo habari ya glasi nane ina historia ya kuchekesha, mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani iliandika mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku, na sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya hayo maji yako tayari kwenye chakula. Watu wakabeba sentensi ya kwanza wakaiacha ya pili. Kunywa ukisikia kiu, ongeza kukiwa na joto au ukitoka jasho, angalia mkojo uwe wa njano hafifu, yatosha. Limau kwenye maji ya moto halina ubaya, ni kinywaji kizuri, lina vitamini C kidogo, ila haliyeyushi mafuta tumboni na halisafishi chochote. Kusafisha ni kazi ya ini na figo, hawa wanafanya kazi usiku na mchana na hawahitaji kuamshwa na limau. Kama unalipenda endelea, suuza mdomo na maji baadaye maana asidi inakula meno.

Kahawa na chai zenyewe bila ile sukari ni marafiki, mtu mzima mwenye afya mpaka miligramu 400 za kafeini kwa siku hazina tatizo, hiyo ni kama vikombe vinne vya kahawa ya kawaida (mjamzito ni 200). Vitu viwili tu. Kahawa iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi inapandisha kolestro, kwa hiyo kama unakunywa nyingi ichuje. Na usinywe kitu kikiwa cha moto wa kuunguza, vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 viliwekwa toka 2016 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula, na kosa hapo ni la moto, chai yenyewe haina hatia. Acha kipoe dakika tano. Halafu kama nyumbani kuna mtu ana upungufu wa damu, mwambie chai asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, akae kama saa moja kwanza, na badala yake ale tunda lenye vitamini C na mlo, hilo linasaidia chuma kuingia.

Pombe hujaitaja ila nitaigusa. Zile stori za glasi moja ya mvinyo kwa ajili ya moyo zimechakaa, Januari 2023 WHO walisema wazi hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya, na pombe iko kwenye orodha ya visababishi vya saratani toka 1988. Sikuamrishi. Nakwambia tu kwamba presha ya 134 na bia nne za kila wikendi hazipatani, na ukiziacha mwezi mmoja halafu ukapima utaona mwenyewe.

Haya, chumvi, maana inapandisha presha, na hapa ndo kuna baba yako. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chakula chote cha siku nzima ndani yake. Dunia nzima watu wanakula karibu mara mbili ya hapo. Na mtu akisikia hivyo anakimbilia kuficha kichupa cha chumvi cha mezani, wakati chumvi nyingine imejificha: mkate, jibini, soseji, tambi za paketi, sosi za chupa, na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi ambavyo vingi sehemu kubwa ni chumvi tupu. Kwenye mkate husikii chumvi kwa sababu haujakaa kama chakula cha chumvi, ila unaula kila siku, asubuhi mpaka jioni, tunarudi palepale kwenye kinachojirudia. Ukisoma lebo mara nyingi wanaandika sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, zidisha kwa 2.5 unapata chumvi, kwa hiyo sodiamu gramu 1 ni chumvi gramu mbili na nusu, nusu ya siku yako imeisha kwenye paketi moja.

Nyumbani chumvi weka mwishoni mwa kupika, onja kwanza, halafu chumvi ya mezani isiwepo kabisa. Tumia ndimu, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili, viungo vikavu. Wiki za kwanza chakula kitakuwa kama kimepikwa hospitalini, nakubali, vumilia wiki kadhaa, ulimi wa chumvi unajifunza kama ule wa sukari.

Kuna njia nyingine naipenda sana na wachache wanaijua. China walifanya jaribio vijijini, vijiji 600, watu karibu 21,000, wengi wao walishawahi kupata kiharusi, wengine walikuwa wazee wenye presha isiyoshikika. Nusu ya vijiji wakaendelea na chumvi yao, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya miaka kama mitano, majibu yakatoka 2021, kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 kwenye vijiji vya chumvi ile mpya, na vifo vikapungua pia. Yaani kikubwa walichobadilisha ni kilichomo kwenye kopo. Ukiipata itumie, LAKINI, na hapa soma mara mbili, kama figo zina tatizo au mtu anatumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse bila daktari, potasiamu ikizidi inasumbua mapigo ya moyo. Wazee wako wote wawili waulize daktari wao kwanza.

Twende kwenye sahani. Mkate wako wa brauni, samahani tena. Rangi haisemi kitu, rangi inaweza kuwa ya sukari iliyounguzwa. Geuza paketi usome viambato, vinaandikwa kwa kufuata uzito, kama cha kwanza ni unga wa ngano mtupu bila neno nzima au isiyokobolewa, huo ni mkate mweupe uliovaa koti. Halafu angalia wanga na nyuzinyuzi, kwa kila gramu 10 za wanga angalau gramu 1 ya nyuzinyuzi, chini ya hapo rudisha. Nimewahi kusimama mbele ya rafu nikapima mikate sita ya rangi ya udongo, ikapita mmoja.

Nyuzinyuzi ndo kitu ambacho watu wengi wanakikosa na hawajui wanakikosa, kwa sababu hakuna anayeamka akaumwa na ukosefu wa nyuzinyuzi. Zinatakiwa angalau gramu 25 kwa siku. Zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu, zinashusha kolestro, zinawalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana, na zinakushibisha. Njia rahisi kuliko zote ni jamii ya maharage, dengu, kunde, mbaazi na ndugu zao. Kikombe kimoja kilichopikwa kinakupa gramu 12 mpaka 15, yaani nusu ya siku, na protini juu. Ningepewa ruhusa ya kumbadilishia mtu kitu kimoja tu kwenye sahani ningemwambia mara nne kwa wiki nyama itoke hapo iingie hii. Tumbo likijaa gesi wiki ya kwanza usiogope, anza na vijiko viwili vikubwa, loweka usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya, utumbo utazoea.

Mboga na matunda gramu 400 kwa siku, we umesema mzani hutaki, sawa, tumia kiganja, kinachojaa kiganja kimoja ni kama gramu 80, vitano kwa siku. Viazi na mihogo havihesabiki humo, hivyo ni wanga. Na ukikaa mezani anza na mboga na kile cha protini, wali au mkate uje mwishoni, chakula ni kilekile ila sukari ya baada ya kula inapanda kidogo kuliko ukianza na wanga. Haigharimu kitu, inahitaji tu kujizuia dakika tano.

Nyama nyekundu mara mbili tatu kwa wiki sina neno. Soseji, bekoni, nyama za kopo, hizo ndo ziwe chakula cha kubahatisha. Mwaka 2015 wakala wa WHO wa saratani waliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la kwanza, kundi moja na sigara, mitandao ikalipuka. Ngoja nieleze maana hapa watu wanachanganya: kundi linasema tuna uhakika kiasi gani kwamba kitu kinasababisha saratani, halisemi kinasababisha kwa nguvu kiasi gani. Sigara inaua wengi mno kuliko soseji, hazilingani. Kila gramu 50 kwa siku, kama soseji moja hivi, inaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia kama 18. Na hiyo 18 haimaanishi watu 18 kati ya 100 wataugua, ni nyongeza juu ya uwezekano uliokuwa nao mwanzo, kama ulikuwa 5 kati ya 100 unakuwa kama 6. Kwa mtu mmoja ni kidogo, ila kama ni ya kula kila asubuhi miaka thelathini mimi ningeiacha.

Mafuta nitapita haraka. Yanayoganda kwenye joto la kawaida, siagi, samli, mafuta ya nyama, ya mawese, hayo punguza, badilisha na yanayobaki maji kama ya alizeti, zeituni, soya. Kubadilisha ndo neno, maana kijiko kikubwa cha mafuta yoyote, hata ya zeituni, ni kama kalori 120, sio dawa ya kunywa. Lebo ikisema mafuta yametiwa haidrojeni nusu, weka chini, hayo ndo mabaya kuliko yote kwa moyo, Denmark waliyabana kwa sheria toka 2003. Na mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi yamwage. Karanga, korosho, lozi, konzi moja kwa siku bila chumvi, ndiyo. Samaki mara mbili kwa wiki ukiweza.

Kitu kingine ambacho hukukiuliza ila namba zako zimekiuliza: unakula haraka? Watu wa kazi za kukaa wengi wanakula huku wanaangalia simu, na wanachokula ni vitu vilivyotoka kiwandani tayari. Mwaka 2019 Marekani watafiti wa taasisi ya taifa ya afya waliwaweka watu 20 ndani mwezi mzima, wiki mbili wakala vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vya kupikwa kutoka mwanzo, na milo yote miwili iliyowekwa mezani ilikuwa imelinganishwa sukari, mafuta, chumvi mpaka nyuzinyuzi, wakaambiwa kula mpaka utosheke. Kwenye vya kiwandani wakala kalori kama 500 zaidi kila siku bila kujua, wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili, vya kupikwa wakapungua kiasi hichohicho. Walipopima waliona vya kiwandani vinaliwa fasta zaidi, ni laini, havitafuniki, tumbo linakuja kupata taarifa wameshamaliza. Kwa hiyo weka simu mbali, tafuna, na mlo mmoja wa siku uwe umetoka kwenye sufuria na sio kwenye paketi. Mmoja tu kwa kuanzia.

Sasa la mwisho ambalo ni gumu kuliko yote, hauishi peke yako. Mtu mmoja kujipikia chungu chake pembeni hadumu, nimeona mara nyingi, miezi miwili amechoka. Finland miaka ya 1970 mkoa wa North Karelia wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo kuliko karibu popote duniani, siagi nene juu ya mkate, maziwa yenye mafuta yote, chumvi nyingi, sigara. 1972 daktari kijana Pekka Puska na wenzake wakaanza mradi, na hawakuhangaika na mgonjwa mmoja mmoja, waliwafuata kina mama wa vijijini wanaopika, waoka mikate, watengeneza soseji wapunguze chumvi na mafuta, wakulima wakapanda matunda madogo madogo na mbegu za mafuta. Ndani ya miaka 40 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vikawa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Sigara na matibabu vilichangia, siwezi kukuficha, ila sehemu kubwa ilikuwa kolestro kushuka, yaani kile kilichopakwa kwenye mkate. Kwa hiyo anayepika kwenu, kama sio wewe, mkalishe chini umwonyeshe hizo namba zako, umwambie unaomba chungu chote kipungue chumvi, sio chako. Watoto nao wana damu ya babu na bibi yao.

Vidonge vya vitamini, unga wa majani ya miujiza, chai za kupunguza tumbo, hela hiyo nunulia matunda.

Mpangilio wako uwe hivi. Mwezi wa kwanza vinywaji tu, juisi itoke, chai ishuke taratibu, sahani usiiguse. Mwezi wa pili chumvi na mkate. Wa tatu maharage na mboga. Ukifanya vyote Jumatatu moja najua Alhamisi utakuwa wapi. Na kutembea nusu saa siku tano za wiki kuanze leo jioni, hiyo haisubiri mwezi.

Baada ya miezi mitatu nenda kapime HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu nyuma, haidanganyiki na siku moja ya kujinyima, waambie pia wakupime kolestro na figo. Presha pimia nyumbani ukiweza, kaa kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiwe umekunywa kahawa nusu saa iliyopita, asubuhi na jioni kwa siku saba, andika zote. Ikiwa inasoma 140/90 na kuendelea usisubiri hiyo miezi mitatu wala usitake kuishusha kwa maharage peke yake, nenda kwa daktari, na akikuandikia dawa kunywa. Vivyo hivyo kiu isiyoisha, mkojo wa kila saa, kupungua bila kujitahidi, hizo ni za kwenda wiki hiyohiyo. Ukishapima niandikie tena, na kwenye barua uniambie chai imefika vijiko vingapi, ukweli wake, sio wa kunifurahisha.